Mazoezi ya Betri

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku tano zimebaki. Jumamosi asubuhi mimi na mke wangu tunaondoka kwenda kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Ana miezi mitatu. Sijawahi kumshika.

Sababu naiandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunibishia. Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi ya binti yangu, nilisimama nikamsahihisha bwana harusi katikati ya hotuba yake. Makosa matatu. Mbele ya watu mia mbili. Yalikuwa makosa kweli! Tangu siku ile binti huzungumza na mama yake tu, na mimi hupelekewa salamu kupitia kwake, kama jirani.

Sasa ametuma neno: njooni wote wawili, na mje na lile gari. Wao wana chumba kimoja cha kulala, kwa hiyo tutalala kwenye gari, mlangoni kwao. Gari lenyewe ni nyumba. Vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, kabati. Nililinunua binti akiwa na miaka kumi na miwili, nizunguke naye. Tulizunguka mara nne. Siku nyingine zote nilikuwa na makala ya kumaliza dhidi ya mtu fulani. Leo sikumbuki hata jina la mmoja wao.

Limelala miezi minne kwenye ghala la kuhifadhia magari. Leo limewaka, lakini kwa kusitasita, kama mtu aliyeamshwa kazini. Shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi wa majokofu, alikuja bila kualikwa. Akasema betri imechoka. Nilizungushe barabarani saa nzima lijae chaji, kisha nichomoe waya wa hasi kwenye betri, na nisiliguse mpaka Jumamosi. Saa ya redio, king'ora, kengele ya gesi, vyote hivyo vinakunywa moto wa betri kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa.

Nikamwambia kidogo kidogo si hoja. Akanijibu kwamba haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba, na haba na haba ndiyo itakayokimaliza. Mlinzi wa ghala akacheka! Shemeji akanipa na spana, namba kumi, mbele yake.

Tangu lini nafundishwa na Profesa Spana?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimesoma usiku kucha. Nimeshasoma vitabu vya vita, vya falsafa na vya nyuki, betri hainishindi. Hitimisho: kinachoua betri ni uvivu. Betri ni kama akili, isiyotumiwa huoza. Kuichomoa waya ni kumfunga mgonjwa kitandani ukitegemea apate misuli.

Kwa hiyo mazoezi. Kila asubuhi nitawasha taa zote, pampu ya maji, feni na redio kwa nusu saa, kisha nitapiga stata, niache injini iungurume dakika tano, nizime. Leo nimeanza. Yote yamewaka. Mlinzi akauliza kwa nini nisilitoe tu nje likatembea. Nikamweleza tofauti ya mazoezi na mbio. Akasema sawa, mzee wangu.

Nina miaka hamsini na miwili. Mzee wake yupi?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mazoezi ya pili. Stata ilivuta kwa uzito kidogo. Dalili ya misuli kuuma, ni kawaida mwanzoni.

Hata hivyo nimeongeza kinga: paneli ya sola. Nimepanda ngazi, nimeifunga juu ya paa la gari kwa kamba, nimevuta waya mpaka kwenye betri. Nimeshuka na vumbi hadi masikioni. Mlinzi alikuwa ameshika ngazi muda wote. Nilipomaliza akaniuliza, kwa adabu kabisa, jua litapitia wapi.

Nikatazama juu. Bati. Bati kutoka ukuta hadi ukuta.

Nikamwambia mwanga si lazima uwe wa jua moja kwa moja. Akasema kweli, hata taa yake ya kibandani ni mwanga. Sikujua kama ananiunga mkono.

Nyumbani mke wangu anakunja nguo za mtoto, ndogo kama soksi. Akauliza kama gari lipo tayari. Nikasema liko mazoezini. Akanitazama vile anavyonitazama. Akasema mdogo wake, yaani huyo huyo Profesa, anaweza kuja kulitazama. Nikasema akija, mimi siendi. Akakunja nguo nyingine.

Kwa nini nilisema vile? Neno likishanitoka huwa siwezi kulirudisha. Natafuta la kulilinda.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jana na leo, mazoezi mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Stata leo ililia kama mtu anayekokota kabati. Ilishika mara ya nne. Taa za ndani zimekuwa za manjano. Nimeziona nzuri, zinapumzisha macho.

Mlinzi akaniambia wenye magari wote pale wamechomoa waya. Wote! Hata yule wa lori la barafu. Na magari yao huamka. Nikamwambia wingi wa watu haujawahi kuwa ushahidi, na nikampa mifano sita kutoka historia. Akasikiliza yote sita. Kisha akasema yeye hana la kusema kuhusu historia, ila nisije kesho nikamwomba asukume, mgongo wake haupo sawa.

Spana nilikuwa nayo mfukoni. Nilifungua boneti. Niliushika hata ule waya. Dakika mbili tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini kesho Profesa angeuliza, na mimi sijui kusema uongo, na kusema kweli pia hunishinda kama kweli yenyewe ni ya mtu mwingine. Nikafunga boneti.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tk.

Hiyo tu. Niligeuza ufunguo, gari likasema tk, kama mtu anayegonga ulimi kwa dharau. Mara ya pili halikusema kitu.

Mke wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkanda ameshafunga, fuko la nguo za mtoto mapajani. Akafungua mkanda. Akapiga simu.

Profesa alifika na kigari chake kabla hata sijajipanga. Sina budi kukiri: hakucheka. Aliunganisha waya kutoka betri yake hadi yangu, tukangoja, tukajaribu, tukangoja, nusu saa nzima. Hakuna kitu. Akasema hii imekauka, inataka kuchajiwa kutwa nzima, na binti anatungoja. Twendeni na kigari. Dada akae mbele, wewe nyuma na mizigo. Tutalala hata sebuleni. Akanifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Karibu, shemeji.

Ningeingia tu! Mungu wangu, ningeinama tu nikaingia!

Nikasema kwanza tukubaliane chanzo. Huenda betri ilikuwa na ubovu wa kiwandani. Huenda ni unyevu. Nilikuwa na hoja saba. Mke wangu akasema, Baba, panda. Nikaenda hoja ya pili. Shemeji akasema tutayazungumza njiani, Bwana Hoja, njia ni ndefu. Hoja ya tatu ilihusu waya wake. Kwenye hoja ya nne mke wangu alifunga mlango wa nyuma, taratibu, kama anayefunga chumba cha mgonjwa. Hoja ya tano nilikuwa namwambia mlinzi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekula mkate mkavu nimesimama.

Mke wangu ametuma picha. Mjukuu, kwenye mikono ya Profesa Spana. Amelala, kinywa wazi, mkono mmoja umeshika kidole cha yule bwana. Chini yake ameandika kwamba mtoto ana paji langu la uso, na tayari anakunja ndita mtu akizungumza naye. Nimeitazama picha hiyo mpaka simu ikawa ya moto.

Nikakaa nimwandikie mkwe wangu maneno ya kuomba radhi. Kwa mara ya kwanza. Nilianza vizuri: mwanangu, nilikukosea. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeyataja tena yale makosa matatu, kwa ajili ya ufafanuzi. Nimeichana barua. Kisha nimeichana tena, vipande vidogo zaidi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Fundi wa betri ameichaji. Imepona, asema, ila tahadhari, niwe nachomoa waya wa hasi. Naye pia! Wameambizana.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Binti amepiga simu. Yeye mwenyewe! Niliposikia sauti yake nilisimama, sijui kwa nini, nikashika na ukuta. Akaniuliza kama nakula. Akasema mtoto ameamka, nyuma yake nikamsikia akigunaguna. Akasema, baba, basi lipo kila asubuhi, saa mbili. Njoo kesho. Mume wangu atakupokea stendi, ndiye aliyesema nikupigie.

Nilitaka kusema nakuja. Neno lilikuwa ulimini. Badala yake nikamweleza kwamba mtu haendi kumwona mjukuu wake mara ya kwanza akiwa na begi kwapani kama mpangaji aliyefukuzwa. Nitakuja na gari langu, likiwaka lenyewe, na kila aliyesema lolote ataliona. Jumamosi hii.

Akasema, haya, baba. Ile haya ni ya mama yake. Naijua.

Alasiri nimekwenda ghalani na betri ya pili. Nimeiunga na ya kwanza. Hesabu ni nyepesi: betri mbili haziwezi kufa siku moja. Nimewasha taa zote, pampu, feni na redio. Mwanga mweupe, safi, kila pembe ya gari inaonekana, hadi vitanda viwili vilivyotandikwa. Zimetimia saa tatu sasa, nimekaa ndani nazitazama. Hazijapungua hata kidogo.