Hotuba ya Mheshimiwa Urbanus Akifungua Kituo cha Sheria cha Majeruhi wa Ajali, Gungu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Ndugu mwakilishi wa mgeni rasmi, uliyeandaliwa iwapo ningechelewa, nawe ukachelewa kuliko mimi. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, makaimu wenyeviti, na wale wanaowakaimu makaimu. Mashehe na mapadri wetu. Madereva wa bodaboda, wadau wetu wakubwa katika pande zote mbili za ajali. Wazee wangu wa Gungu, shikamooni. Mabibi na mabwana, kwa salamu ya Kiha chetu, mwakeye! (Wachache: "Mwakeye!") Sijasikia. Mwakeye! (Wengi zaidi, baada ya kreti za soda kuonekana.)

Mimi, Urbanus, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Uratibu wa Fursa za Kisheria kwa Majeruhi wa Ajali za Magari, nimesimama hapa saa nane kamili mchana, kwa shughuli iliyopangwa kuanza saa nne asubuhi, kufungua rasmi projekti ya kimkakati ambayo haijapata kuonekana katika ukanda mzima wa ziwa hili. (Makofi.) Utafiti shirikishi niliofanya na dereva wangu katika robo ya tatu umebaini kwamba asilimia tisini na saba nukta sita ya majeruhi hawazijui haki zao, na asilimia tano iliyobaki wanazijua ila hawajui wazipeleke wapi. (Minong'ono ya wanaojua hesabu.)

(Mama Veneranda, muuza dagaa aliyegongwa na gari la mizigo pale Kidahwe, anainuka kwa magongo yake: "Mheshimiwa, samahani. Siku yangu ya mwisho kufungua madai mahakamani ni leo, na masjala inafunga saa tisa na nusu. Mwanasheria wa kituo yuko wapi?")

Swali zuri sana, mama yangu. Limo kwenye kipengele cha kumi na moja, na sasa tuko cha kwanza. Keti tu. (Kicheko. Sauti: "Atakaa mpaka mguu upone!")

(Dainess, msaidizi wa kisheria kutoka Buzebazeba aliyekuja kutazama tu, anasogeza kiti chake hadi kwa mama, anageuza ratiba ya sherehe na kuanza kuandika upande wa nyuma.)

Mnamwona binti yule? Ananukuu hotuba! Andika, mwanangu, andika, hivi ndivyo fremuweki inavyojengwa! (Makofi. Dainess, kwa sauti ya chini: "PF3 ya polisi unayo, mama?" "Ninayo, na karatasi zote za hospitali." "Na bima ya lile gari?" "Mwanangu aliipiga picha ile stika kwenye kioo.")

Ndugu zangu, tatizo letu sugu hapa Kigoma ni kumalizana barabarani. Gari limegonga, dereva analia, majeruhi analia, mashahidi wanawapatanisha, karatasi inaandikwa kwamba hakuna anayemdai mwenzake, mnapeana mikono, kisha dereva anakwenda zake Kasulu na mguu unabaki kuvimba peke yake. (Vicheko. Dainess: "Wewe ulitia dole gumba kwenye karatasi ya hivyo?" "Aka! Aliniletea mchele, nikaula. Dole gumba sikutia.")

Kwa hiyo Kamati imekuja na modeli ya madirisha matatu. Kesi ya dereva kuendesha vibaya ni ya Jamhuri, iacheni Jamhuri ihangaike nayo. Fidia yako wewe ni jambo lingine. Dirisha la kwanza ni kudai kwa kampuni ya bima ya gari lililokugonga. Dirisha la pili, bima wakikupiga danadana, ni mahakama, nayo ina muda wake, ukipita umepita. Na dirisha la tatu, wananchi, dirisha pana kuliko yote, ni mimi! (Makofi. Bajaji inawaka.)

Hamdani, zima bajaji, hotuba inaendelea! ("Nikiizima haiwaki tena, Mheshimiwa!") Na huyo mama mnampakia mnampeleka wapi kabla ya kipengele cha pili? ("Kipengele cha kumi na moja, Mheshimiwa!" anajibu Hamdani, na bajaji inaondoka na Mama Veneranda, magongo yake, Dainess, na ratiba.)

Sawa. Tuendelee na walio makini. (Anaendelea kwa saa nzima. Anaahidi matawi kumi na manane, semina elekezi kwa mbuzi wanaovuka barabara, na boti ya mawakili itakayozunguka Ziwa Tanganyika kutafuta waliogongwa na magari.)

Sasa tuitikie kauli mbiu. Majeruhi! ("Haki!") Haki! ("Mchakato!") Mchakato! ("Unaendelea!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mzee Anatoli kwa kutuazima ghala lake la mahindi na kutundika bango letu juu ya mlango hadi wapiga picha watosheke. Nawashukuru wafadhili, ambao tangu mwaka juzi tumekuwa tukiwatumia ripoti kwamba kituo hiki kinafanya kazi vizuri, jambo linalotupa ari ya kufikiria siku moja kukianzisha. Namshukuru kijana wa stesheneri aliyevaa joho akasimama kama mwanasheria wetu kwenye picha. Mwanangu, joho lirudi kwaya kabla ya jioni. (Mtu mmoja anarudisha soda yake kwenye kreti, kisha anaichukua tena.)

(Hamdani anaingia na bajaji mpaka mbele ya jukwaa: "Imepokelewa! Saa tisa na dakika ishirini na tano! Imegongwa muhuri!" Umati wote unasimama. Vigelegele, filimbi, honi za bodaboda.)

Asanteni, asanteni sana, mnanitoa machozi. Katibu, andika kwenye ripoti ya robo hii: kituo kimehudumia mteja mmoja, kwa mafanikio makubwa. Mzee Anatoli, unaweza kurudisha mahindi yako.