Namba Moja ni ya Mkurugenzi

Napenda kuutangazia umma kwamba maabara yetu ya kukagua vifaa vya umeme vya hospitali imeachana rasmi na vurugu. Kuanzia sasa, kila mashine ina namba ya mtandao inayolingana na cheo cha mwenye nayo. Zamani namba ziligawiwa na fundi, tena kwa kuangalia kazi tu! Ilifika mahali mashine ya stoo ikawa mbele ya yangu, mimi mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Namba. Iliniuma, sitaficha.

Kamati ikakaa. Ikanywa chai, ikakaa tena. Namba mbili nikapewa mimi. Namba moja, bila ubishi, ikaenda kwa osiloskopu ya Mkurugenzi, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, ile iliyoko ofisini kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Haijawahi kupima kitu. Mashine ya mkubwa haitumwi ovyo.

Fundi wa mtandao, dada mwenye mdomo kwelikweli, akaleta zake.

"Jamani, namba moja ni ya kile kiboksi cha ukutani. Majibu ya vipimo vyote yanapita pale kwenda hospitali."

"Kiboksi kina cheo gani?" Mkurugenzi akauliza.

"Hakina cheo, bosi. Kina kazi."

"Basi kisubiri."

Kikapewa namba ya mwisho, nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Haya, msije mkanililia," fundi akasema, akafanya alivyoagizwa.

Mafanikio yalionekana papo hapo. Mashine zote zilishazoea kupeleka majibu kwa namba moja, kwa hiyo zikawa zinampelekea Mkurugenzi. Yakifika pale yanatulia, hayaendi popote. Yeye alikuwa akikaa kuangalia taa ya osiloskopu ikiwakawaka, raha tupu.

"Unaona? Sasa kila kitu kinapita kwangu."

"Kinafika kwako, mzee," nikamsahihisha kwa heshima zote.

Wiki hiyohiyo simu ikalia. Alikuwa Mkurugenzi, yuko wodini.

"Binti yangu kajifungua kabla ya wakati! Mjukuu wangu kaviringishwa mablanketi, mashine ya kumpa joto ipo hapa hapa, mpya, na muuguzi hataki kuiwasha mpaka apate majibu yenu. Yako wapi?"

Ile haikuwa sauti ya mkurugenzi, ilikuwa ya babu. Nikamgeukia fundi.

"Mashine hiyo tulishaipima, nzima kabisa," akasema. "Majibu yako chini ya maua."

Nikarudi kwenye simu. "Mzee, kuna mtu ameyakalia."

"Nani huyo? Msimamishe kazi leo leo!"

"Ana cheo kidogo, mzee."

"Hata awe nani! Mnyang'anye na namba!"

Amri ni amri. Tukapanda ofisini kwake mbio. Fundi akachomoa waya wa osiloskopu, akakirudishia kiboksi namba yake, akayatuma majibu upya. Hatujakaa sawa, muuguzi akapiga: mtoto yuko ndani ya mashine, amepata joto, na analia mpaka wodi nzima inamsikia. Fundi akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha kufuma. Mimi nikatumia upande wa pili.

Alasiri Mkurugenzi akarejea na mfuko wa pipi, akagawa hadi kwa mlinzi. Nikamwekea mezani barua ya kusimamisha kazi. Akaitia saini bila kuisoma, kama zote anazotia.

"Ndiyo ya yule aliyekalia majibu?"

"Ndiyo, mzee."

"Safi sana. Ongeza hapo chini: gari la ofisi alikabidhi sasa hivi, arudi kwao kwa miguu. Ashike adabu!"

Nikaongeza neno kwa neno. Kisha nikanyoosha mkono, nikamwomba funguo.