Nasikia Kasha Litaanguka

Jumatatu, 4 Machi

Nimeota theluji tena. Sijawahi kuiona kwa macho. Kwenye ndoto zangu ina uvuguvugu na inanukia sabuni. Nilisimama katikati yake nikizungumza Kijapani bila kukwama, sentensi ndefu ndefu, na watu wenye makoti marefu wakiniinamia kwa heshima. Sikuelewa hata neno moja nililosema. Lakini lafudhi! Safi kama lenzi iliyofutwa sasa hivi.

Nikazinduka. Saa tano asubuhi, karakana ya miwani, kidevu changu kimelala juu ya mashine ya kusagia lenzi. Bosi kasimama mbele yangu. Akasema amefurahi kuniona nimerudi. Ana habari. Mashine mpya inakuja kutoka Japani, na mhandisi wao atakuja kuifunga mwenyewe baada ya wiki mbili. Kisha mmoja wetu ataenda kwao mwaka mzima kujifunza kuitumia. Nani? Yule atakayeweza kusemezana na mhandisi. Akauliza lile darasa langu la jioni limenifikisha wapi.

Nikamjibu: ngazi ya kati.

Si uongo. Darasa lenyewe linaitwa Ngazi ya Kati. Mimi hukaa safu ya kati, upande wa dirishani, kwenye mawingu mazuri.

Mwingine wa hapa kazini anayesoma darasa lile ni Dada wa Mapokezi. Yeye hukaa mbele. Hana ndoto yule. Ana penseli tatu, zote zimechongwa.

Jumanne, 5 Machi

Somo tamu kupita yote! Mwalimu wetu ni nesi mstaafu, mama wa makamo aliyeishi Japani miaka ishirini na miwili. Leo ametufundisha miundo miwili inayofanana kama mapacha. Koto ni shita: nimeamua. Koto ni natta: imeamuliwa. Huu wa pili, akasema, hutumika uamuzi ukiwa umetoka kwa wengine, au ukiwa wako mwenyewe ila hutaki kujitanguliza. Ni upole.

Dada wa Mapokezi akaandika: upole. Mimi nikaandika: HAKUNA WA KUULIZWA. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba imeamuliwa niende Japani. Akauliza, imeamuliwa na nani. Nikamweleza kwamba kisarufi swali hilo halina nafasi. Halafu akatoa uzi wa sufu kabatini na kuanza kunifumia sweta. La kijivu, zito kama godoro.

Moyo ukalainika. Moyo ukaogopa pia. Sasa sina budi kwenda. Kwa joto la hapa, mtu akilivaa lile atazimia kabla ya kufika mlangoni.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ilinikuta njiani. Nikaingia darasani nachuruzika. Mwalimu akacheka, akasema nimekuja na somo mwilini. Ame ni furareta. Nimenyeshewa na mvua.

Akasema wageni wengine wanaoisoma lugha hii huumizwa vichwa na muundo huo. Wanashindwa kuelewa mvua inawezaje kumfanya mtu kitu ilhali imejinyeshea tu. Sisi tumezaliwa nao. Mvua hunyesha, mimi nikanyeshewa. Jambo limetendeka lenyewe, uchungu wake umeniangukia mimi.

Ajabu! Lugha nzima ya watu walioonewa! Nikaanza kuandika orodha yangu mbio mbio. Nimeharibikiwa na mashine. Nimechelewewa na basi. Nimekaliwa mbele na Dada wa Mapokezi. Nikanyoosha mkono kuomba mfano mkali zaidi.

Mwalimu akageukia ubao. Akaandika taratibu: Shujin ni shinareta. Akasema, “Nilifiwa na mume wangu.” Kisha akatueleza, kwa sauti ileile ya kufundishia, kwamba alipolisema neno hilo mara ya kwanza kule, ofisini, mbele ya karani wa kuandika vifo, alishangaa kuona kwamba lilikuwa na umbo lilelile la nyumbani. Ni kana kwamba mtu wa kwao alikuwa ametangulia kumpangia kiti.

Hakuna aliyesogeza daftari. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wa shati langu, tone, tone. Nikaikunja orodha yangu nikaikalia.

Jumanne, 12 Machi

Bahati imenibishia hodi! Dada wa Mapokezi hakuja darasani. Mama yake amelazwa. (Si mahututi, nimeuliza. Mimi si mnyama.)

Na somo la leo ndilo lenye mtego. Neno moja, sō, lina sura mbili. Ukilibandika kwenye shina la kitendo linamaanisha unachokiona kwa macho: ochisō, inaelekea kuanguka. Ukiliweka baada ya kitendo kizima linamaanisha ulichosikia kwa watu: ochiru sō, nasikia itaanguka. Silabi moja tu, ru, ndiyo inayotenganisha jicho na sikio. Mwalimu akasema hapa wengi huteleza.

Wengi huteleza! Nikahisi mwanga ukiniingia utosini.

Mchana Dada alikuwa ameniomba nimnakilie maelezo ya leo. Nimemnakilia. Ukurasa mzima, mwandiko wa kupendeza, wino wa rangi mbili. Nimebadilisha sura mbili hizo, hii mahali pa ile na ile mahali pa hii. Mifano kumi na miwili, yote kichwa chini miguu juu. Niliharibu nakala ya kwanza kwa chai, nikarudia. Ya pili sikuipenda kwa mapambo, nikarudia tena. Kazi nikiifanya huifanya kwa moyo.

Alhamisi, 14 Machi

Msiba.

Dada wa Mapokezi alisoma maelezo yangu, akaona hayalingani na kitabu. Mtu mwenye penseli tatu ana kitabu pia! Je, alinishuku? Angenishuku ningejitetea. Alinihurumia! Akamwendea Mwalimu faraghani na kumweleza kwamba kaka yake wa kazini anahangaika, haelewi, na ana haya ya kuuliza.

Basi Mwalimu akaacha somo jipya. Akarudia sō tangu mwanzo, kwa ajili yangu, mbele ya darasa zima, pole pole kama anayemlisha mgonjwa uji. Kila baada ya mfano alinigeukia na kuuliza kama tuko pamoja. Watu kumi na wanne wakanitazama kwa upendo. Mzee mmoja fundi saa akanipigapiga begani na kuniambia nisikate tamaa, hata yeye alichelewa kutembea utotoni.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Ila hawakusema kwamba watu watakuja kumpa pole akiwa mle ndani.

Kwa hasira sikusikiliza hata neno. Nje kulikuwa na wingu moja lenye umbo la mlima. Nililipanda mpaka kileleni.

Jumamosi, 16 Machi

Mwalimu alinialika nyumbani kwake asubuhi kwa somo la ziada, bure. Chumba kidogo, pazia jeupe, upepo. Kwenye meza, picha ya mwanamume aliyevaa kofia ya sufu, anacheka, nyuma yake weupe mtupu. Nikauliza kama ile ndiyo theluji. Akasema ndiyo. Nikauliza inanukaje. Akafikiri sana. Akasema inanuka kama chuma kilichooshwa.

Si sabuni, kumbe.

Akanifundisha yō ni naru. Hanaseru yō ni natta: nimefikia kuweza kuzungumza. Si jambo la ghafla, akasema. Hakuna siku utakayoweza kuitaja. Unajifunza, unasahau, unajifunza, kisha asubuhi moja unamjibu muuza mboga na kugundua njiani kwamba umemjibu.

Nikamwambia mimi nina siku mbili. Akanimiminia chai. Pazia likawa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na sauti yake ikawa kama maji ya mbali. Nilipofumbua macho alikuwa amenifunika shuka na anamwagilia maua yake. Saa tatu nzima nilikuwa nimelala! Akasema huenda kitu kimeingia.

Nahisi kimeingia. Najihisi mzito.

Jumatatu, 18 Machi

Niandike upesi kabla aibu haijapoa.

Mhandisi amefika. Mtu mfupi, mpole, soksi nyeupe, anainama hata kwa mashine. Bosi akanisukuma mbele. Nikainama. Nikasema jina langu. Nikasema nimefurahi. Vyote sawasawa! Bosi akaniangalia kama anayeniona nikipaa. Nami nilikuwa napaa. Mwanga ulipita katika lenzi zilizopangwa dirishani, ukuta mzima ukawa na vijijua vinavyotetemeka, na nikaanza kusikia kama theluji inaanguka mahali fulani, kimya kimya.

Ndipo nikaliona kasha. Kasha la lenzi za kujaribishia mashine, amekuja nalo mwenyewe akilipakata mapajani safari nzima. Liko ukingoni mwa meza, nyuma ya kiwiko chake. Nusu yake imo hewani.

Hii ndiyo saa yangu! Nikanyoosha kidole. Nikatamka, kwa lafudhi ya ndotoni:

“Ochiru sō desu!”

Mhandisi akanigeukia kwa heshima kubwa. “Aa,” akasema, “sō desu ka.” Kumbe, ndivyo?

Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Akaitikia kwa kichwa, akaweka mikono pamoja, akangoja niendelee. Nilikuwa nimemwambia kwamba nasikia kuna kitu kitaanguka. Naye, kama mtu yeyote mwenye adabu, alikuwa akisubiri kujua nimesikia kwa nani.

Mkono wangu ulikuwa umeiandika mifano ile kumi na miwili mara tatu, kwa wino wa rangi mbili. Sasa ulimi ukaufuata mkono.

“Ochisō desu!” Dada wa Mapokezi alipiga kelele kutoka mlangoni. Mhandisi akageuka kama umeme. Akachelewa kwa upana wa kidole.

Kwa Kiswahili: niliangukiwa. Mguu wa kushoto.

Lenzi themanini zikatawanyika sakafuni, nyingine nzima, nyingine vipande, na kwa sekunde moja dari yote ikajaa upinde wa mvua. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona kazini. Hakuna aliyekubaliana nami.

Dada akapiga magoti kuokota. Akasema taratibu, “Ochite shimaimashita ne.” Limeanguka, basi tena. Mhandisi akapiga magoti upande wa pili. Wakaokota pamoja, wakizungumza maneno mafupi mafupi, bila haraka, kama watu wanaochambua mchele. Wakacheka mara moja. Mimi nilisimama kwa mguu mmoja.

Jumanne, 19 Machi

Bosi ametukusanya. Akasema, akiangalia dari, “Imeamuliwa Dada aende.”

Imeamuliwa! Nikauliza, na nani? Akasema hilo si la kuuliza.

Nilimweleza mke wangu nikiwa nimeloweka mguu kwenye beseni. Nilianzia mbali, kwenye historia ya Kijapani. Akanikatiza.

“Huendi.”

“Imekuwa kwamba siendi.”

Hakukasirika. Aliendelea kufuma. Alikuwa amebakiza mkono mmoja. Akasema yeye alijua tangu siku ile ya kwanza, ila niliporudi nyumbani uso wangu ulikuwa unang'aa, akaona si vibaya kuwa na mtu anayeng'aa ndani ya nyumba, walau kwa wiki mbili.

Nikamshikia bonge la uzi lisianguke.

Jumapili, 5 Mei

Tumemsindikiza Dada wa Mapokezi. Mwalimu alikuja, akamshika mikono kwa muda mrefu. Mke wangu akampa sweta la kijivu. Alikuwa amelipunguza mabega bila kuniambia. Dada akalivaa palepale kwenye joto lote lile, jasho linamtiririka, hataki kulivua.

Akaniambia, “Kaka, asante kwa maelezo yale. Nisingeyaona, nisingeushika muundo ule maisha yangu yote.”

Nikamtazama machoni. Hakuna dhihaka. Hata chembe. Mtu wa ajabu sana.

Nikamwomba jambo moja: theluji ikianguka, ainuse, kisha aniandikie. Akaahidi. Nilirudi nyumbani nikijisikia mwepesi. Nimeona makosa yangu yote, moja moja, kama kwenye lenzi ya kukuza. Kujifanya ninajua nisichokijua, mwisho leo. Nimeamua. Mimi mwenyewe.

Jumatano, 8 Mei

Bosi ameniweka mapokezi mpaka tupate mtu.

Asubuhi wakaja mume na mke wanaohitaji miwani. Hawasikii wote wawili. Wanazungumza kwa mikono, na mikono ile! Inapanda, inakunjuka, inatulia hewani. Jua la dirishani lilipita katikati ya vidole vyao na vivuli vikacheza juu ya kaunta. Nilisahau nilipo. Niliwaona wakizungumza nami juu ya paa la nyumba fulani ndefu, jioni, mikono yetu sita ikipepea, na umati chini ukituinamia.

Bosi akatoka ofisini. Akauliza kama ninaielewa lugha ya ishara. Maana kuna shule moja ya viziwi inataka wanafunzi wake wote wapimwe macho, na watahitaji mtu wa kukaa nao wiki nzima, kuanzia Jumatatu.

Sikusema ndiyo. Iandikwe kwamba sikusema neno lolote. Nilisogeza tu mkono wangu wa kulia, taratibu, kwa namna ambayo mtu angeweza kuielewa kuwa ndiyo.

Leo ni Jumatano. Siku nne nzima. Na si kama Kijapani: hii ni mikono tu, nami ninayo miwili.