Sumaku ya Sita na Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Agosti

Sumaku zangu sita zimefika! Ndogo kama vifuniko vya soda, lakini nguvu zake, Mungu wangu. Ya kwanza iliruka mezani ikakamata tupa, na katikati kulikuwa na kidole changu. Ukucha umekuwa mweusi. Sijali. Nimezipanga kwenye meza ya karakana, nikaweka juu kisu cha mashine ya kuchuma chai, nikakinoa. Hakikutikisika hata kidogo. Cherotich, mkulima wa chai, ana mashine nane za kuchumia, na visu vyote ni butu. Muchiri, fundi mwenzangu wa pale sokoni Sigowet, anataka kuvinoa yeye. Muchiri ana vifaa vipya na kibao kilichopakwa rangi. Mimi nina akili.

Jumapili, 4 Agosti

Balaa. Tukitoka kanisani Esnah, mke wangu, amenitangazia kwamba mama yake anakuja kesho kutoka Nyamira, wiki nzima. Mama Nyatichi! Moyo wake unaendeshwa na kifaa cha betri alichoshonewa kifuani mwezi Mei. Daktari alionya kwamba sumaku kali ikikaribia kile kifua, kifaa kitachanganyikiwa.

Tena hawezi kulala nyumbani mwangu. Kwetu Wakisii mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Atalala kwenye simba ya mjukuu, yaani kijumba cha kijana wetu Ogoti, aliye kazini Nakuru. Sawa kabisa, ila simba ya Ogoti ndiyo karakana yangu tangu Februari.

Esnah ameagiza sumaku zitoke kwanza. "Baba Ogoti, mama akifia hapa kwako, mimi nitaambia watu nini?" Nimeapa kwamba nitazitoa zote. Nimetoa kila kitu jioni hii kwenye mvua, mbiombio, matope hadi magotini. Mashine ya kukereza imenishinda uzito, nimeifunika shuka.

Jumatatu, 5 Agosti

Amefika saa saba. Nimemsalimu kutoka ng'ambo ya uwanja, bila kushikana mikono, kama inavyotakiwa. Akaingia simbani kupumzika. Nikaenda banda la ng'ombe, nilikohamishia vitu, kuangalia sumaku zangu.

Tano.

Nimehesabu mara nne. Tano! Moja imebaki humo ndani, na mimi siwezi kuingia. Mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe, hata paa likianguka. Nikimwambia Esnah, atajua kiapo changu ni cha bure. Sijamwambia. Mwanaume ni mipango.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango ulikuwa mzuri. Nilifunga funguo za chuma kwenye mti wa kuangulia avokado. Mama mkwe akiwa jikoni anakunywa uji, nikaupenyeza mti dirishani ili sumaku ijishike yenyewe. Kitu kikanasa! Nikavuta polepole.

Petikoti.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, kikombe mkononi. Mkwe mzima, petikoti ya mama mkwe juu ya mti kama bendera! Aligeuza uso akatazama michai kwa muda mrefu sana. Sijui nitaingiaje kanisani Jumapili.

Jumatano, 7 Agosti

Tangu asubuhi nimelinda. Nimesimama nje ya dirisha lake, mguu mmoja nimeuegemeza kwenye ukuta wa mbao, nikisikiliza kama anapumua. Saa nne Esnah akatoka mbio kusema mama ana kizunguzungu. Kumbe kweli! Sumaku inamla!

Baadaye alikaa uwanjani kuota jua. Nikaamua liwalo na liwe, nimwendee nimwombe ruhusa ya kupekua. Nikasogea. Akavuta kiti nyuma. Nikasogea tena. Akavuta tena. Tulienda hivyo mpaka mgongo wake ukagusa michai. Amemwambia Esnah kwamba mume wake amepoteza adabu, na kwamba hata marehemu baba yake Esnah hakuwahi kumkaribia yeye hivyo mchana.

Naogopa. Naandika wazi: naogopa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekiri. Nimemwambia Esnah yote. Alimpeleka mama kwa jirani, akapekua simba kuanzia sakafuni hadi darini. Hakuna kitu. Akaniambia nisirudi bila sumaku ile.

Nilikimbia hadi kwa Muchiri kuomba nondo ndefu ya kupapasia chini ya mashine ya kukereza. Alikuwa bado ananicheka wakati nati moja ilipobingirika sakafuni ikaja mguuni kwangu. Ikaja ya pili. Halafu spana ikaruka, ikagonga buti langu.

"Fundi," akasema, "hiyo ni buti ama ni duka la spea?"

Tulikwangua matope ya Jumapili. Sumaku ya sita ilikuwa imejibandika kwenye ncha ya chuma ya buti langu. Haijawahi kubaki simbani! Nimeipeleka mimi mwenyewe dirishani, ukutani, uwanjani. Kila hatua mama mkwe aliyorudi nyuma kwa heshima, alikuwa anajiokoa na mimi. Nikakaa chini kwenye mafuta machafu. Muchiri akaniletea maji. Visu vya Cherotich vilikuwa pale mezani kwake, vyote, vinang'aa.

Jumatatu, 12 Agosti

Mama mkwe ameondoka, mzima kabisa. Alipimwa hospitalini Ijumaa na kifaa kiko sawa. Ameniaga kutoka barabarani. Esnah amenisamehe kwa sharti kwamba sumaku zote sita ziondoke, na zimeondoka kweli. Nimemwachia Muchiri.

Lakini funzo nimelipata: sumaku ndogo hupotea. Kwa hivyo nimeagiza moja tu, kubwa kama sinia. Inafika Alhamisi. Nitaifunga kwa skrubu kwenye kile kitanda cha chuma simbani, upande wa kichwa, na hakuna atakayeibeba kwa buti.

Esnah anasema mama atarudi Desemba, mwezi mzima, kitanda kilekile.

Desemba bado ni mbali.