Urithi wa Radi Bendi Uko Salama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ameshindwa kufika, Mheshimiwa mwakilishi wake ambaye bado anangoja feri ng'ambo ya pili, masharifu na mashehe, wachungaji na makatekista, wazee wa mitaa kuanzia Shika Adabu hadi Shelly Beach, mabwana wenye maduka, mabibi mliopata kivuli na mabibi mliokikosa, walimu, wanafunzi, na wewe kijana uliyepanda ukuta wa Sharifu Barakat, teremka, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo. (Watu: "Hatujambo." Kijana hakuteremka.)

Mimi, Dishon Mkala, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Utamaduni, Starehe na Mambo Yanayofanana na Hayo, nimesimama mbele yenu Jumamosi hii ya Novemba 1963, zikiwa zimebaki wiki chache tupate Uhuru, ili kuzindua, kwa mamlaka niliyopewa na kamati ninayoiongoza, Ukumbi wa Kumbukumbu ya Radi Bendi, bendi ya kwanza ya rokenroli upande huu wa feri, pamoja na mwimbaji wake, Bwana Ruwa, ambaye sauti yake haitasahaulika kamwe. (Makofi. Ruwa alikuwa ameketi safu ya tatu. Akainua mkono: "Nipo, Mheshimiwa.")

Nakuona, Bwana Ruwa. Mtu anapokumbukwa hukaa kimya. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, kabla ya Radi Bendi vijana wa Likoni walikuwa wakicheza ovyo, bila skimu wala programu. Alipokuja Bwana Ruwa na gitaa lake la umeme alilouziwa na baharia kule Kilindini, sabukamati yangu ya takwimu ilibaini kwamba asilimia themanini na tano ya vijana walianza kuvaa suruali za kubana, na waliobaki wanamngoja fundi. Mambo haya hayakutokea yenyewe. Nani aliyepiga marufuku dansa zao mwaka 1959? Ni mimi. Bila marufuku ile nani angezijua? (Kicheko kirefu. Mheshimiwa aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea makofi. Mimi ninayeiandika hotuba hii, wakati wa marufuku nilikuwa nikisikiliza kupitia dirisha la jikoni, na nyumbani hadi leo hawajui.)

Lakini uongozi ni kuona mbali. Tuligundua kwamba bendi hii ilikuwa ikipiga kila Jumamosi, nyuzi zikikatika, sauti ikikauka, spika ikipigwa mateke, yaani urithi wa kudumu ulikuwa unatumika, na kwa mwendo ule ungekwisha kabla ya Krismasi. Ndipo mwezi wa Agosti Kamati ikachukua gitaa na spika, ikavitia katika ghala la Ukumbi, chini ya kufuli. Tangu siku hiyo hakuna uzi hata mmoja uliokatika. (Makofi, ya wazee wa kamati.)

(Bi Kuluthum, muuza mahamri, akauliza kutoka kwenye jua: "Na hiyo spika unayosemea, baba, ya nani?" Watu wote tuliitambua. Kitambaa chake cha mbele kimechanika pale Kioko, mpiga ngoma wa bendi, alipokipasua kwa kiatu.)

Hii, bibi yangu, ni spika ya taifa. Iko katika majaribio.

(Ruwa akasimama. "Mheshimiwa, mimi sikuomba ukumbi. Usiku wa Uhuru tumeitwa tupige dansa hapa hapa Likoni. Nipe gitaa langu." Kioko naye, bila kusimama: "Na kama halitoki, basi tuonyeshe hilo ghala, tulisalimie.")

Vijana, msiwe na haraka. Mtapiga gitaa usiku mmoja, watu watacheza, kisha watakwenda kulala. Hiyo si historia. Ukumbi wenyewe utakuwa na viti mia sita, feni za darini, na choo cha kuvuta maji, kama inavyoonyesha plani hii iliyotundikwa nyuma yangu. (Niko karibu na plani. Chini yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni banda la kukaushia mkonge. Nilitaka kusema. Nikaendelea kuandika, kama kawaida yangu.)

Nikielekea kumaliza, natoa shukurani. Namshukuru Sharifu Barakat kwa umeme wa duka lake, na kwa jiwe hili la msingi, ambalo ni kipandio cha mlango wake na litarudi kabla ya alasiri. Nawashukuru jamaa wenye kiwanja hiki, ambao hawajatukubalia, lakini hawajatufukuza. Na kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu, Margaret, aliyelihifadhi gitaa chini ya kitanda chetu mpaka ghala litakapopatikana, kwa kuwa ghala litapatikana ukumbi ukijengwa, na ukumbi utajengwa mara tu itakapopatikana kamati ya kuamua kama unahitajika.

(Bi Margaret, safu ya mbele, akajifunga leso vizuri, akamwambia Ruwa, "Njoo, mwanangu, nimechoka kufagia nikilizunguka." Nyumba yao iko nyuma ya duka. Wakaondoka pamoja.)

Kwa hiyo tuseme sote. Uhuru na utaratibu. (Wazee wa kamati: "Na utaratibu.") Utamaduni chini ya kufuli. (Hakuna aliyeitikia, watu walikuwa wakitazama njia ya dukani.) Radi Bendi idumu. (Hii iliitikiwa na wote, maana Ruwa alikuwa anarudi na gitaa begani, vumbi la chini ya kitanda bado liko juu yake.)

Asanteni sana kwa utulivu wenu, na jambo langu la mwisho, ambalo ndilo kubwa kuliko yote niliyoyasema, ni

(Ruwa alichomoa waya wa maikrofoni kwenye spika, akachomeka wa gitaa. Mheshimiwa aliendelea kuhutubia. Niliiona midomo yake. Maneno yaliyobaki sikuyaandika, kwa sababu nilikuwa nacheza.)