Kiazi chenye Uso wa Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Mwalimu wa lugha anatafuta mhariri wa gazeti la ukutani. Atakayebandika habari itakayovuta wasomaji wengi Ijumaa, kiti ni chake. Ninakitaka kiti hicho kuliko chakula. Leo nilisoma mbele ya darasa makala yangu kuhusu asili ya mkato na nukta, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Kisha Domokaya, anayekitaka pia, akasimulia habari ya bibi harusi aliyeng'ata pete ndani ya mkate. Darasa zima likamzunguka. Kumbe watu wanataka vioja vya chakula. Haya.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kwenye kapu la jikoni kuna kiazi chenye kipara na kidevu. Mwalimu Mkuu mtupu! Shangazi akasema yeye anaona kiazi tu, na kwamba vitabu vimeshanimaliza macho. Dada akasema labda kikitiwa pua. Nikakimenya, nikachonga pua. Halafu masikio. Halafu miwani. Ukweli si dhambi kuusaidia kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mwalimu Mkuu amegeuka rangi ya kutu. Dada akasema kiazi kilichomenywa huwekwa ndani ya maji, kila mtu anajua. Kila mtu, ila mimi. Nikamkwangua (akakonda), nikamlaza kwenye bakuli la maji, nikamwacha juu ya meza ya jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoka shule njaa inaniuma. Mchuzi ulinukia vizuri. Kijiko cha tatu, nikakuta sikio.

Nikapiga ukelele. Shangazi akasema kiazi kilichomenywa, kikakaa ndani ya maji mezani kwake, hicho kimejipeleka chenyewe chunguni. Baba akasema pua ilikuwa laini sana.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda mikono mitupu. Dada, ambaye hana siri hata ya usingizini, alishamwambia Domokaya yote. Ukutani, kwa herufi kubwa: FAMILIA YAMLA MWALIMU MKUU. Watu walisongamana mpaka mpishi wa shule akatoka na mwiko mkononi. Mwalimu Mkuu mwenyewe akaja, akasoma, akacheka hadi machozi, akaniuliza kama chumvi ilimkolea. Nilitamani ardhi inimeze.

Domokaya ndiye mhariri, mpaka mwisho wa muhula. Amenipa kazi ya kukagua nukta. Akasema, kwa upole ulioniuma zaidi, kwamba bila mimi asingekuwa na habari.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na nimegundua kosa. Kosa ni la kiazi. Kiazi ni kidogo, na kinashawishi wapishi. Leo nimenunua boga. Lina mashavu ya mwalimu wa lugha, karibu kabisa. Nimelificha chini ya kitanda, shangazi hatalifikia, na muhula ujao si mbali. Nimeshachonga pua na jicho moja. Limeanza kutoa majimaji, lakini hilo ni jambo dogo.