Mawaridi ya Mume Wangu

Jumatatu, 6 Mei

…na wifi aseme atakavyo, huko si kuringa. Nasema "mume wangu" kwa sababu ndiye mume wangu, na neno lenyewe bado jipya, halijachujuka. Tatizo ni kwamba mwenye neno hayupo. Yuko kwenye maonyesho ya maua, yale makubwa ambayo watu huvuka mipaka kuja kuyaona, anatunza mawaridi ya mwajiri wake. Analala hukohuko, hemani. Mimi nalala na mto wake. Laiti mto ungekuwa na mabega.

Mawaridi yakishinda Jumamosi, mkuu wa bustani ameahidi kumhamishia bustani ya mjini, awe anarudi nyumbani kila jioni. Yakishindwa, atapelekwa shamba la mbali, niwe namwona kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo nayaombea mawaridi kuliko ninavyojiombea mwenyewe.

Wifi, ambaye mama mkwe amemleta anitulize (na ailinde sukari), anasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nikamjibu kwamba basi naumwa vizuri.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata njia. Kabla ya Jumamosi haingii mtu ila mwenye mmea wa kushindanisha. Mimi nina mmea. Mshubiri wa mlangoni, uliobaki vipande tangu wifi aanze kuukata apake nywele zake. Hauna ua. Jambo dogo. Nimechuma ua jekundu kwa jirani, nikalishona kileleni kwa uzi wa kijani. Wifi aliukagua, akauliza kama na kaka yake nilimpata kwa uzi huohuo.

Jumatano, 8 Mei

Nimeingia! Mama wa getini aligeuza chungu, akavuta uzi, akasema amelinda lango hili tangu ujana wake lakini hajapata kuona mshubiri uliopitia kwa fundi cherehani. Akaniuliza namtafuta nani, mwanangu. Nikasema mume wangu. Akanitazama vidole, akaona pete bado inang'aa, akacheka, akanifungulia.

Sasa nitaandikaje? Okidi zimening'inia kama vipuli, madoa yake kana kwamba mtu kayachora kwa unyoya. Vijito vya kutengenezwa vinapita chini ya majani mapana kama meza. Ukuta mzima umeota mimea, na bibi mmoja alikuwa akiipangusa kwa pamba, jani baada ya jani, huku akiisemesha kama wajukuu. Mti mkongwe, uliodumazwa makusudi chunguni, wenye kimo cha birika! Kila kizuri nilikitazama mara mbili, moja yangu na moja ya mume wangu, japokuwa yeye anaviona kila siku.

Nikamkuta, magoti yote matope. Bustani nzima ikafifia. Akaniambia nimsubiri katika chumba cha baridi, mkuu asinione. Humo ndimo mawaridi yamelazwa, vitumba vimefumba, yasichanue mpaka asubuhi ya majaji. Nikakaa nikitetemeka. Nikawaza: kumbe humu ndimo anamoshinda mume wangu. Mapafu yake je? Nikazima mashine ya baridi kidogo tu, akija akute joto.

Akaja. Tukatoka nyuma, tukakaa juu ya mifuko ya mbolea tumeshikana mikono. Kuhusu mashine, sikukumbuka tena. Nani angekumbuka?

Ijumaa, 10 Mei

Mawaridi yamechanua. Yote. Mume wangu amepiga simu, anasema haelewi. Nikamwambia ukweli. Kisha akacheka mpaka akakohoa; nikamwambia umeona, mapafu. Akasema nisimwambie dada yake. Dada yake alikuwa amebandika sikio upande wa pili wa simu yangu.

Jumamosi, 11 Mei

Tumekwenda na wifi, safari hii kwa tiketi halali. Mawaridi yalikuwa yamefunguka kama watu wanaopiga miayo. Jaji aligusa moja, likamwagika lote kiganjani mwake. Mimi niliona mahaba. Yeye aliona kasoro, na ushindi ukaenda kwa watu wa maua ya dalia.

Nilitaka kumfuata mkuu nikajitaje. Mume wangu akanishika kiwiko, akamwambia ni yeye aliyesahau kuwasha mashine. Adhabu: shamba la mbali, aondoke leo hii. Nilimng'ang'ania shati mpaka kifungo kikabaki mkononi mwangu. Gari likaenda naye. Wifi, ambaye nilimsubiri anichambe, alinishika bega tu, hakusema neno hadi nyumbani. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika kweli.

Jumatatu, 13 Mei

Nimelia, nimenawa uso, nimefikiri. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la baridi. Hata wifi nimemweleza hivyo. Akaenda kuzungumza na sufuria.

Mume wangu anasema huko shambani anakuza miche ndani ya nyumba ya vioo. Imefungwa kila upande, joto la jikoni, madirisha hayafunguliwi kamwe, miche isipigwe na baridi. Maskini kipenzi changu. Nimemuuliza, kwa upole, kama madirisha hayo yamefungwa kwa komeo au kwa kufuli. Akaniomba nisije. Ndivyo wanavyosema wanaume wanaoteseka bila kulalamika. Nitafika kabla mwezi haujaisha.